Zamu ya Kuita Banana

Amri ilipotoka kwamba kila mwenye phonie mjini Kisangani aipeleke kambini Kapalata, Mama Germaine hakulia wala hakubishana na mtu. Phonie, kwa asiyejua, ni redio ya kusema na walio mbali, na nyumbani kwake Mangobo zilikuwamo mbili. Aliingia chumbani, akatoa ile mbovu iliyoungua matumbo zamani, akaipangusa vumbi, akaifunga ndani ya liputa, kitenge chake cha kujifunga, na kujitwika kichwani. Kutoka Mangobo hadi Kapalata si mwendo mdogo. Vijana wa toleka walisimamisha baiskeli zao wakimbembeleza apande nyuma, akakataa. Alitaka mji mzima umwone anavyotii.

Askari aliyeipokea aliinyanyua, akaona ni nzito, akaridhika. Askari wanapenda vitu vizito. Redio nzima ilikuwa nyumbani, chini kabisa ya gunia la makala, yaani makaa ya kupikia, na juu yake makala ya kweli, maana Germaine hakuwa mtu wa kudanganya nusunusu.

Mwaka huo wa elfu mbili, Kisangani ilikuwa mikononi mwa wageni wenye bunduki na wenyeji waliowashikia mikoba. Mwezi wa sita wageni hao, ambao mpaka juzi yake walikuwa marafiki, waligombana wao kwa wao katikati ya mji na kurushiana mabomu juu ya vichwa vya watu ambao hawakuwaalika. Bomu moja lilianguka nyuma ya jiko la Germaine. Mumewe, Papa Léon, alikuwa ametoka kuchota maji kwenye pipa. Makaburini hapakufikika, kwa hiyo wakamzika palepale kiwanjani. Ukuta wa sebule ulibaki na tundu la kutosha kupitisha kichwa.

Léon alikuwa mpiga redio wa meli za mto. Alipostaafu hakuweza kuacha kupiga redio, kama vile wengine hawawezi kuacha kuvuta tumbako, na kwa kuwa alichoka kuipiga peke yake, akamfundisha mkewe. Germaine ni mtoto wa Isangi, wa watu wa mto, na kelele za mbali hazikumtisha. Wakawa kituo kimoja chenye sauti mbili, Kituo cha Mangobo, na miaka yote hiyo mchezo wao ulikuwa mmoja: taa za pwani.

Kwenye kingo za bahari kuna minara mirefu yenye taa kileleni, ya kuonya meli zisipande miamba. Kila mwaka, mwezi wa nane, Jumamosi na Jumapili moja, wapenzi wa redio hubeba mitambo yao mpaka kwenye minara hiyo na kuita dunia nzima. Aliye mbali akifanikiwa kuongea na minara ya kutosha, chama chao kinampa cheti, karatasi nene yenye picha ya mnara na jina la kituo chake. Masharti hayana huruma. Lazima msikilizane kwa masikio yenu wenyewe, bila mtu wa tatu kupokea maneno katikati, na lazima kila mmoja amwambie mwenzake, kwa namba, jinsi anavyomsikia. Kusikika vizuri kabisa ni hamsini na tisa, na Léon, kwa mazoea ya melini, alisema *cinquante-neuf* hata chumvi ilipokolea kwenye mchuzi.

Majirani walicheka mpaka wakazoea. Bahari na Mangobo wapi na wapi? "Germaine anatafuta taa ya Chile," walisema, "na ya kuonea sahani yake hana." Lakini Chile walimpata, na Ureno, na Japani, na Australia, na kisiwa kimoja cha Kanada ambako mwenye mnara alikohoa zaidi ya alivyosema. Ulibaki mnara mmoja tu. Chama kilitaka mwombaji awe amefikia angalau taa moja ya nchi yake mwenyewe, na pwani ya Kongo ni kipande kidogo tu, kule Banana, mto unapoingia baharini.

Mto wenyewe ndio huu unaopita Kisangani. Lakini vita vilikuwa vimeukata katikati. Banana ilikuwa upande wa serikali, Kisangani upande wa waasi, na meli hazikushuka wala kupanda. Aliyesikika anasema na watu wa chini ya mto aliitwa jasusi, na majasusi wa Kapalata hawakurudi nyumbani na afya yao.

Mama Germaine aliwaambia watu kwamba karatasi yenyewe haina maana kwake. Huo ulikuwa uongo mtupu. Aliitaka karatasi hiyo kuliko nguo mpya. Alitaka kuitundika pale kwenye tundu la ukuta, ili kila akiingia sebuleni aone kitu ambacho Léon alikitaka, asione kitu ambacho wengine walimfanyia Léon. Na alikuwa na hasira. Waliomuulia mume wasingempangia na mtu wa kumsalimia.

Habari njema ililetwa hewani na Viviane, mwanamke wa Pointe-Noire, upande wa pili wa mpaka, aliyeweza kuwasikia watu wa pande zote mbili za vita. Arthur, mlinzi wa taa ya Banana, atafungua redio mnarani Jumamosi na Jumapili ile ya mwezi wa nane. Huko nako wakubwa hawakupenda redio za raia, lakini Arthur alisema mnara ni wake. Arthur huyo aliwahi kuwa fundi wa meli Kisangani, alikula pondu ya Germaine, kisamvu chake, mara nyingi, na Kiswahili chake kilikuwa bado kizima.

Jumamosi asubuhi Germaine alifukua redio kutoka makalani, akaifuta, akaiunga kwenye betri ya gari. Antena haikuwa na haja ya kufichwa, kwa kuwa ndiyo kamba aliyoanikia nguo, na askari waliopita kutafuta milingoti mirefu waliinama chini yake bila kuuliza. Shida ilikuwa jirani yake Fortunée, aliyekuwa tayari ameyatandaza maputa yake mabichi kwenye waya mzima.

"Fortunée, toa nguo."

"Haziyakauka, mama."

"Toa tu. Utaanika tena."

Fortunée akazitoa akinung'unika, akasimama nazo mkononi. Mume wake, Henri, alikuwa baharia aliyeshuka na meli ya mwisho kabla mto haujafungwa. Tangu hapo hakuwa amepata habari zake, mbaya wala nzuri.

Germaine akaita. Akaita tena. Kelele za hewani zikapanda na kushuka, kisha kutoka ndani yake ikaja sauti ya mtu mzima, nyembamba lakini safi.

"Kituo ya Mangobo, hapa taa ya Banana. Munanisikia?"

Mpiga redio wa mahali pengine popote angeitupa namba palepale, apokee ya mwenzake, afunge. Kazi ya kupepesa macho. Lakini Kisangani mtu haambiwi haja yako kabla hajaulizwa nyumba yake, na Germaine hakuwa amelelewa porini.

"Taa ya Banana, hapa Mangobo. Arthur, habari ya nyumba? Batoto beko? Mama yako iko muzima?"

"Beko bazima bote, Mama Germaine. Mama tu miguu inamuuma. Na Papa Léon? Mupatie micro, nimuchokoze kidogo."

Germaine alikaza vidole kwenye kipaza sauti.

"Léon alikufa mwezi ya sita. Ni bomu. Tulimuzika hapa mu parcelle."

 Arthur akaanza kutoa pole, na akaitoa inavyotakiwa kutolewa. Aliuliza alianguka saa ngapi, nani alimwosha, nani aliimba, matanga yalifanyika au mabomu yaliyakatiza. Alikumbusha siku Léon alipotumbukia mtoni na kofia yake mpya, akaokoa kofia kwanza. Germaine alicheka huku machozi yanashuka. Haikuwa rahisi kumkatiza mtu wa namna hiyo na kumwambia, bon, sasa nipe namba.

"Mama," Arthur akasema, "ile majani ya kuelea mu mto, Congo ya sika, inafikaka hapa chini ya taa kila asubuhi. Minayiangaliaka, minasema, hii ilipita kwabo. Yeye hakuna mutu anamuulizaka laissez-passer, karatasi ya kupita."

Hapo Fortunée, aliyekuwa bado amesimama na maputa mabichi, akashindwa kujizuia.

"Ni Banana!" akapiga kelele kiwanjani. "Batu ya chini beko basema!"

Walimiminika. Mwenye sufuria, mwenye mtoto, mwenye sabuni machoni. Mwaka wa pili huo hawajasikia neno kutoka chini ya mto, na sasa mto wenyewe ulikuwa unaongea ndani ya nyumba ya Germaine. Kila mmoja alitaja jina la mtu wake kwa sauti ya kufika Banana bila redio. Sauti zikafika mpaka barabarani, na barabarani alikuwa anapita Franck.

Franck alikuwa kijana wa usalama, mwenyeji, mtoto wa Isangi naye. Mama yake na Germaine walikuwa wamesuka nywele pamoja. Aliingia, akalitazama gunia lililomwagwa, akaitazama redio.

"Mama Germaine. Kumbe makala siku hizi inasemaka."

"Ngoja nimalize, Franck. Hajanipa namba."

Ni neno baya kumwambia mtu wa usalama. Franck alipata picha ya namba za siri, vikosi na mizinga, akang'oa waya. Sauti ya Arthur ikakatika katikati ya neno. Akaibeba redio kifuani, na kwa heshima ya mama yake hakumkamata mwenye nyumba. Alimwambia tu ajipeleke Kapalata mwenyewe siku ya Jumatatu.

Watu walipotawanyika, Fortunée alianika upya nguo zake, taratibu, kwa aibu.

"Mama, mbona haukuomba namba mbele?"

"Mutu anakulilia bwana yako, we unamuomba namba?"

Fortunée akafikiri. "Hapana," akasema. "Haiwezekane."

Ilibaki Jumapili. Baada ya hapo Arthur angefunga redio, na mwaka ujao nani anajua nani atakuwa hai. Germaine alikwenda misa, akapokea komunyo, na kutoka hapo akaenda moja kwa moja kwenye depo ya Paluku, bado na kitambaa chake cha kanisani kichwani. Fortunée akamfuata nyuma. Alisema anakwenda kununua sabuni.

Paluku alikuwa mfanyabiashara wa Butembo, mtu wa maharage, chumvi na samaki wa chumvi, anayeongea kidogo na kulala mapema. Wakubwa walimwachia phonie yake kwa sababu nao walikula maharage. Mjini kote ilibaki hiyo tu kwa raia, na Franck, alipokuwa hazunguki mitaani, aliwekwa hapo kwenye kigoda, hata Jumapili, asikilize kila neno, na askari mwenye bunduki mlangoni. Watu waliita Butembo, Beni, Goma, Bunia. Chini ya mto hakuna aliyethubutu.

Sheria ya Paluku ilikuwa moja, nayo ni foleni. Aliyepanga anasema, asiyepanga anapanga. Kanali mmoja aliwahi kuingia kwa kifua, akaambiwa kwa adabu kubwa, "Mon colonel, hapa hata miye minasimamaka," na kanali akasimama nyuma ya muuza ndizi. Tangu siku hiyo mji mzima ulimwamini Paluku, na uaminifu huo ndio uliokuwa mtaji wake. Maharage yalikuwa ziada.

Germaine alipanga. Aliposogea karibu na meza, Paluku alimwona, akaona na uso wake, akaanza kutoka jasho.

"Mama Germaine," alinong'ona, "biashara yangu utaiua."

"Nimepanga laini ao sikupanga, Papa Paluku?"

"Umepanga."

"Basi."

Akakaa kwenye kiti. Franck, aliyekuwa akisinzia, akafumbua macho.

"Unaita wapi, mama?"

"Banana."

Depo nzima ikamgeukia. Hata aliyekuwa anapimiwa chumvi aligeuka.

"Mama, kule ni kwa adui."

"Franck, adui alianguka nyuma ya jiko yangu mwezi ya sita. Hakutoka Banana."

 Franck alijua kama kila mtu yale mabomu yalitoka wapi, na waliomweka kwenye kigoda kile ni nani. Akageukia upande ulio rahisi zaidi.

"Papa Paluku, zima hiyo kitu."

Paluku aliangalia magunia yake. Akawaangalia watu, mmoja baada ya mwingine, mpaka mlangoni. Alikuwa mwoga, na hakuwahi kuficha kwamba ni mwoga. Kwa mwenye magunia mengi kiasi kile, woga ni sehemu ya kazi.

"Chef," akasema, akiitazama meza, "huyu mama alipanga. Hapa kwangu mutu alipanga anasema. Nikivunja ile leo kwa mama, kesho nitaivunja kwa nani? Batu batanitumainia tena?"

Na hakuzima.

Franck akainuka kwenda kwenye betri, iliyokuwa sakafuni upande wa pili wa meza. Lakini foleni ilikuwa imesogea mbele, jinsi foleni zinavyosogea watu wakichoka kusimama, na kati yake na betri palikuwa na wanawake wengi, vikapu vyao na watoto wao mgongoni. Hakuna aliyemzuia. Hakuna pia aliyempisha.

Germaine akazungusha kitufe polepole, akiitafuta Banana kwa sikio, kama Léon alivyomfundisha.

"Taa ya Banana, taa ya Banana, hapa Mangobo."

Kelele tupu.

"Taa ya Banana, hapa Mangobo. Arthur, unisamehe, leo namba mbele. Minakusikia ao sikusikie, mimi ninaita."

Mtoto akalia, akanyamazishwa. Franck alisema "pardon" kwa mwanamke mmoja mnene, naye akajibu "pardon" na kubaki palepale. Kisha redio ikakwaruza.

"Mangobo, hapa Banana. Jana niliogopa, mama. Nililala vibaya."

"Minakusikia cinquante-neuf, Arthur. Cinquante-neuf. Na weye?"

"Cinquante-neuf, Mama Germaine. Kama uko hapa kwa ngazi ya taa."

Basi, ndiyo hiyo. Kitu walichokitafuta wawili kwa miaka, akakipata mmoja, kati ya magunia ya maharage, na bunduki ikiwa mlangoni.  Alitaka kugeuka amwambie Léon, na alipokumbuka, furaha haikuondoka. Ilikaa palepale na uchungu wake. Nyuma yake watu walipumua wote kwa pamoja, wengi wao bila kujua hamsini na tisa ni kitu gani.

"Habari ya nyumba, mama?" Arthur akauliza.

Kabla hajajibu, Franck alikuwa amepata njia chini ya kikapu cha mtu, akafikisha mkono wake kwenye kipaza sauti na kukifunika kiganjani.

"Imetosha. Mama, imetosha." Hakupaza sauti. Alitoa daftari lake na kalamu mfukoni. "Bataniuliza ulisema nini na adui. Ni mimi batanipiga. Niandike nini?"

"Andika kweli," Germaine akasema. "Andika Banana inatusikia muzuri sana."

Akainuka, akafunga liputa yake vizuri kiunoni. "Twende Kapalata. Njia ninaijua, niliwapelekea redio." Akatembea mpaka mlangoni bila kungoja kuambiwa, akasimama, akamgeukia kijana.

Lakini Franck hakuwa ametoka mezani, kwa sababu kitini palikuwa pameshakaliwa. Fortunée, bila sabuni yoyote, alikuwa amekaa wima, mikono mapajani.

"Ni zamu yangu," akasema.

"Unaita wapi?" Paluku aliuliza kwa mazoea tu, ndipo akatambua alichouliza, akafumba macho.

"Banana. Minamutafuta Henri wangu."

Nyuma ya Fortunée alisimama mzee aliyekuja kuita Goma kwa shughuli zake za sukari. Akakohoa, akasema Goma inaweza kungoja, yeye pia Banana, ana mdogo wake Matadi. Aliyemfuata akasema Banana. Muuza ndizi akasema Banana, na watu walimjua kuwa hana ndugu yeyote chini ya mto. Neno likapita kutoka mdomo hadi mdomo, likatoka mlangoni, likaenda na foleni mpaka kwenye jua la barabarani.

Franck aliwatazama. Kumpeleka Germaine Kapalata ni kuiacha phonie na watu hawa wote. Kubaki na phonie ni kumwacha Germaine. Askari wa mlangoni, aliyekuwa na bunduki, alimuuliza kwa macho afanye nini, na Franck akajifanya hakumwona. Alikaa tena kwenye kigoda chake na daftari magotini.

"Henri gani?" sauti ya Arthur ikauliza ndani ya depo. "Munipatie jina ya baba yake, na meli yake. Bamarini bengi beko hapa."

Fortunée akaanza kusema, haraka, maneno yakipandana.

Mama Germaine alingoja mlangoni akamatwe. Alingoja mpaka miguu ikamwuma, na hakuna aliyekuja kumkamata. Kwa hiyo akashuka ngazi, akapita pembeni ya watu wote, akaenda kusimama mwisho wa foleni, nyuma ya msichana mwenye beseni tupu.

"Si ulishasema, mama?" msichana akamuuliza.

"Nilisema namba tu," Germaine akajibu. "Arthur aliniuliza habari ya nyumba, na sijamujibu."